Nilivyompeleka Ba Baharini

Tangu nirudi, nyumba yangu ya Kadutu haipumui. Mmoja anatoka, wawili wanaingia, na wote mna maswali yale yale: eti ni kweli niliingia maji ya chumvi hadi kiunoni, eti ni kweli nililala kwenye kanisa la Wahindi? Nimechoka kusimulia vipande vipande, huyu akapata mwanzo bila mwisho na yule mwisho bila mwanzo. Kwa hiyo nimechukua daftari la shule la mtoto wangu, nikaketi, nikaandika. Habari za vibali na mihuri nimeziacha. Mume wangu ndiye aliyezihangaikia, muulizeni yeye, atafurahi kulalamika.

Kwa wale wasiojua: mimi hushona nguo barazani mwa duka la Jayanti, kule chini Ibanda. Jayanti ni Mhindi aliyezaliwa hapa hapa, anasema Kiswahili chetu kama sisi na anakula bukari kwa mkono bila kujificha. Mama yake tunamwita Ba. Kwao ndilo neno la mama, nasi tumelichukua hivyo hivyo. Ni mwanamke mdogo wa mwili, mjane, amevaa nyeupe siku zote. Macho yake yameanza kufunikwa na utando, na daktari alimwambia kwamba mwaka mmoja au miwili ijayo hataona tena.

Siku aliyosikia hayo, Ba alisema anataka kwenda pwani ya Tanganyika, kule kwenye bahari ya chumvi, kwenye kijiji alikoshukia alipotoka kwao akiwa bibi arusi wa miaka kumi na sita. Kuna hekalu dogo pale, alisema, anataka kuomba humo akiwa bado anaona. Jayanti hakuweza kufunga duka, kwa maana mwenziwe wa biashara alikuwa Bombay. Akaja kusimama mbele ya mashine yangu.

"Maman Nabintu, utamupeleka Ba?"

Nilicheka. Mimi sikuwa nimevuka Luberizi, kule njia ya Uvira, maisha yangu yote. Lakini Ba alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika ukuta, na hakucheka.

Mume wangu alikubali baada ya siku tatu. Mama yangu wa Kasha akachukua watoto. Katekista wetu naye alikuja mwenyewe nyumbani kunionya: "Uende, lakini usipige magoti mule ndani." Nikaahidi.

BUKAVU HADI UVIRA

Tulipaswa kuondoka asubuhi na mapema, kwa sababu njia ya kushukia uwandani ni nyembamba na magari hupita kwa zamu, saa za kushuka na saa za kupanda. Ba alirudi ndani mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa amesahau miwani. Mara ya pili ilikuwa chupa ya achari ya maembe, na bila achari, alisema, yeye hasafiri. Tulipofika kwenye kizuizi, gari la mwisho la kushuka lilikuwa limepita punde. Vumbi lake tulilikuta bado hewani.

"Tungoye," akasema Papa Sanvura, dereva wa kamio la dukani, lile lori la mizigo. Akazima mashine, akashusha kofia usoni, akalala.

Tulingoja hadi alasiri. Ba hakulalamika. Aliketi kwenye gunia la nguo, akaniuliza kila kinachopita ni nini, nami nikamwambia: mbuzi, mwanamke na kuni, padri kwenye pikipiki. Padri alimfurahisha sana, akataka nimweleze kanzu ilivyokuwa inapepea.

Jioni haijafika tukawa uwandani, kwenye joto lile la Ruzizi linalokushika kooni, na hapo Luberizi gurudumu likapasuka. Papa Sanvura alianza kugombana na jeki. Mwanamke mmoja alikuwa anakusanya mpunga aliouanika kando ya njia. Akamwona Ba, akaacha kazi yake.

"Ule mukubwa hawezi kukaa mu jua namna ile," akaniambia. "Umulete kwangu."

Alikuwa na kiti kimoja, akampa Ba. Yeye na mimi tukakaa chini. Kisha, kwa kumheshimu mgeni, akatuletea wali mpya, na juu ya wali akaweka ndagaa aliokuwa amewakaanga. Ninyi mnajua Ba hali kitu chenye damu. Hata yai halivuki mlango wa jiko lake.

Ba akainama karibu kabisa na sahani, akanusa. Kisha akaanza kuokota ndagaa mmoja mmoja kwa vidole vyake, akaniwekea upande wangu, na wali akaula. Akaomba tena.

Tulipokuwa ndani ya gari nikamwambia, "Ba, ile wali iligusa samaki."

"Najua."

"Na dini?"

"Ule mama alinipa kiti yake moja tu," akasema. "Usimuambie Jayanti."

Hilo lilikuwa la kwanza kati ya mambo ambayo Jayanti hakuyajua; Ba mwenyewe ameniruhusu kuyaandika.

ZIWANI

Uvira, meli ya kutuvusha Ziwa Tanganyika hadi Kigoma ilichelewa siku mbili. Siku ilipofika, karani wa bandarini aliangalia karatasi zetu, akamwonyesha Ba ngazi ya juu na mimi ngazi ya chini.

Ba akamuuliza, "Kule chini kuko kiti?"

"Hapana, mama. Kule iko mizigo na Weusi tu."

"Basi munipe mukeka."

Karani alifikiri Ba hajaelewa. Akarudia kwa Kifaransa, akarudia kwa Kiswahili kwa sauti kubwa zaidi. Ba alikuwa ameshaanza kushuka ngazi, mkono mmoja kwenye bega langu.

Kule chini tulikaa kati ya magunia ya muhogo na mama mmoja wa Baraka aliyekuwa na tenga la kuku. Kuku mmoja alitoa kichwa, akawa anadonoa ukingo wa sari ya Ba safari nzima, na Ba akawa anamsemesha Kihindi. Nilidhani yeye ndiye atakayeugua kwa mawimbi. Mimi mtoto wa ziwa, nimekunywa maji ya Kivu tangu kuzaliwa! Lakini ni mimi niliyetapika hadi nikaona nyota mchana, na ni yeye, mzee asiyeona vizuri, aliyenishika paji la uso na kunilambisha achari ile ya maembe kwa ncha ya kidole. Tangu siku hiyo sikumlaumu tena kwa kurudi ndani kuichukua.

KWA GARI-MOSHI

Kigoma ndipo nilipojua kwamba sijui Kiswahili.

Tulikuwa tumekaa vizuri, gari-moshi limeanza kutembea, akaja mzee wa kukagua tiketi, mtu mwenye miwani na heshima zake. Akaniinamia, akasema kwa upole, "Bibi, tiketi yako tafadhali."

Nikaruka. "Mi siko bibi yako! Bwana yangu iko Bukavu!"

Behewa zima likapasuka kwa kicheko. Mzee wa watu alisimama na koleo lake mkononi, hajui amekosa nini. Mwalimu mmoja wa Tabora aliyekaa mbele yetu, akiwapeleka watoto wake Dar es Salaam, alifuta machozi, akanieleza kwamba kwao bibi ni neno la heshima kwa mwanamke yeyote, halina maana ya mke. Nikaomba radhi. Mzee akakata tiketi, na kuanzia hapo hadi mwisho wa safari aliniita Mama Bukavu, akiwa amesimama mbali kidogo.

Watoto wa mwalimu nao waliamka, wakaja mbele yangu mmoja mmoja. "Shikamoo."

Nikanyoosha mikono. "Nishike nini?"

Na Tabora kwenyewe, stesheni, njaa ilikuwa imenikaba. Nilitoa kichwa dirishani nikamwita mama aliyekuwa anauza chakula. "Mama, uniletee bukari!" Akakimbia, akarudi amejaa furaha, akanipa bakuli. Tupu. Akaniuliza nataka kuweka nini ndani. Kumbe kwao bukari inaitwa ugali.

Ba alicheka hadi miwani ikaanguka. Lakini subirini, yake ilikuja. Alimwita mwenye maji kwa kusema, "Weye, maji iko bei gani? Iko ya moto ama ya baridi?" Yule akamwangalia Mhindi huyu mwenye sari nyeupe, akaniangalia mimi, akamwangalia tena. "Mama," akamuuliza, "wewe ni Mmanyema?" Kwani ndivyo watu wa kule wanavyotuita sisi wote tunaotoka ng'ambo hii ya ziwa. Ba akajibu, "Njo vile," ndivyo hivyo, na akanunua maji yake.

Baada ya Tabora mvua ilikuwa imebomoa udongo chini ya reli. Gari lilisimama porini siku nzima, watu wakashuka, wakawasha moto, wakapika, wakafua. Mwalimu alitugawia asali yake. Mimi nikatandika kitenge kwenye majani, nikamkalisha Ba mbele yangu, nikamfungua nywele nizipake mafuta ya nazi, kwa sababu vumbi lilikuwa limezigeuza nyekundu.

Akasema, amenipa mgongo, "Nabintu, siende kuomba tu."

"Unaenda kufanya nini?"

"Nilizaaka mutoto mbele ya Jayanti kuzaliwa. Mwanamuke. Alikaa miezi saba, homa ikamukamata. Sisi mutoto mudogo hatumuchome moto, tunamuzika. Tulimuzika nyuma ya hekalu, karibu na bahari. Kisha baba ya Jayanti akasema tuondoke, tuende mbali, na jina yake tusiiseme tena."

"Na hamukuisema?"

"Hata siku moja."

"Jayanti anajua?"

"Hapana."

Mikono yangu ilikuwa imesimama ndani ya nywele zake. Nimefanya kazi mlangoni pake miaka sita. Nimemwona akikemea wapishi, akipima dengu, akiwapa watoto wangu peremende. Sikuwa nimewahi kumwona.

"Aliitwaka nani, Ba?"

Nilisikia akivuta pumzi ya kutamka. Halafu akaitoa bila neno.

"Endelea kupaka," akasema. "Upande ule haujapata mafuta."

KIJIJI AMBACHO SICHO

Dar es Salaam nitairuka. Tulikaa kwa jamaa za Jayanti, watu wema, nyumba imejaa ngazi. Walitaka kumpeleka Ba kwenye mahekalu makubwa ya mjini, akakataa. Walipomuuliza anataka kijiji gani, akasema "Binjeni." Hakuna aliyekijua. Alikuwa amekaa na neno hilo kichwani miaka arobaini na zaidi, amelisugua kama sabuni hadi limebaki kipande. Mwishoni karani wa mabasi alisema labda ni kijiji fulani kaskazini ya Bagamoyo, kuna hekalu pale, jina linafananafana. Tukaenda.

Sasa mnaniuliza bahari ikoje. Nilipoiona mara ya kwanza nilisema moyoni, kumbe ni Kivu isiyo na Rwanda upande wa pili. Tulishuka kwenye gari, nikashuka mchangani, nikachota kwa kiganja, nikanywa kama tunavyokunywa nyumbani. Msicheke. Nililia kwa chumvi.

Kijiji kilikuwa na nyumba thelathini hivi za udongo na makuti, mchanga mweupe usio na mtu, na mwishoni chumba kimoja cha mawe kilichopakwa chokaa, chenye paa la duara na kibendera chekundu juu. Hilo ndilo hekalu. Mtunzaji alikuwa mzee mmoja, Kanji, anayeishi peke yake kwenye kibanda cha nyuma na paka wanne. Alimwona Ba, akainama, wakaanza kusemeshana kwa lugha yao kwa kasi ya watu waliokaa muda mrefu bila mwenzao.

Nilivua viatu, nikamshika Ba mkono nimfikishe mlangoni, nikakusudia mimi nibaki nje na ahadi yangu. Lakini mlango ni mfupi, mimi ni mrefu, na juu ya mlango wamening'iniza kengele. Niliigonga kwa kichwa, ngaaa! Paka wakakimbia. Nikashika kichwa, nikajikuta nimeshaingia.

"Vizuri," akasema mzee Kanji kwa Kiswahili. "Mungu amesikia umefika."

Ndani kulikuwa na harufu ya samli, taa ndogo yenye utambi wa pamba, maua ya manjano, na sanamu iliyovikwa gauni la hariri lililoshonwa vibaya begani. Jicho la fundi halilali. Sikupiga magoti. Nilisimama nyuma ya Ba, nikasali Salamu Maria kimoyomoyo, polepole, nisimkatize. Mzee akanipa nazi iliyosagwa na sukari, nikala.

Lakini Ba alipotoka, alisimama nyuma ya hekalu akageuza uso huku na huku. "Hapana hapa," akasema. "Hapa hakuna sauti."

"Sauti gani?"

"Miti. Kulikuwa miti mirefu, majani yake kama nyuzi. Upepo ikipita, inapiga mluzi."

Mzee Kanji akajipiga paja. "Mivinje! Hiyo ni mivinje, mama! Wewe unatafuta Mivinjeni!"

Alitulazimisha kulala siku mbili, kwa sababu lori la nazi linaloelekea huko lilikuwa limeharibika. Ndipo nilipolala kwenye kanisa la Wahindi, kama mnavyosema, ingawa kwa kweli ilikuwa barazani, na paka wawili miguuni. Alitupikia dengu na muhogo wa nazi. Nami nikashika sindano, nikarekebisha lile bega la gauni. Sikuweza kuliacha. Katekista wetu akisoma hapa, namwambia wazi: nilishona nimekaa.

MIVINJENI

Tuliisikia kabla ya kuiona. Dereva alizima lori mahali barabara inapokwisha, na ule mluzi ukaja juu ya mchanga, mwembamba, haukatiki. Ba alishika mkono wangu kwa kucha.

Hekalu lilikuwa pale, dogo kuliko la Kanji, na mlango una kufuli. Kijana aliyekuwa anapita alisema Mabaniani wote wamehamia Tanga zamani, ufunguo uko kwa Bi Mwanaidi. Akatuonyesha nyumba.

Bi Mwanaidi alikuwa mwanamke mnene wa umri wa Ba, ameketi kizingitini anachambua mchele kwenye ungo. Alitukaribisha kabla hajatuuliza lolote. Alituambia kwamba yeye ni Mwislamu, ndani ya hekalu haingii, lakini ngazi anazifagia kila Ijumaa kwa sababu waliompa ufunguo walikuwa majirani zake.

"Na ninyi mmetoka wapi?"

"Tumetoka Congo," akasema Ba. "Njia ilikuwa mingi sana."

Bi Mwanaidi aliacha kuchambua, akacheka. "Eh! Mhindi anasema Kimanyema! Makubwa haya!"

Ba hakucheka. Alikuwa amegeukia upande wa bahari. Nikaona hataweza kusema, nikasema mimi.

"Mama, tunatafuta mahali mutoto alizikwaka. Mutoto mudogo, wa Mhindi. Zamani. Nyuma ya hekalu."

Ungo ulishuka mapajani polepole. Bi Mwanaidi alimtazama Ba usoni, muda mrefu, kama mtu anayesoma barua iliyolowa maji. Akainuka, mchele ukamwagika wote.

"Mama Kamla?"

Ba alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika.

"Mama Kamla, ni wewe? Si ni mimi Mwanaidi! Si ni mimi niliyemnyonyesha ulipokuwa mgonjwa, huku Kamla, huku Abdala wangu! Umekwenda wapi wewe? Umekwenda wapi miaka yote hii?"

Akamvuta ndani, mimi nikabaki nje. Kuna mambo ambayo hata mtu aliyetumwa kukuongoza hapaswi kuyatazama. Niliokota mchele punje kwa punje pale kizingitini, na kila mara nilisikia Bi Mwanaidi akirudia lile jina, Mama Kamla hili, Mama Kamla lile, kama wanavyofanya watu wa kule. Mwanamke akizaa, huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, si lake mwenyewe kama ninavyoitwa mimi Maman Nabintu, na hakuna aliyewahi kumwambia Bi Mwanaidi aache.

Jioni alitupeleka nyuma ya hekalu. Kaburi halikuwapo. Ardhi yenyewe haikuwapo. Bahari ilikuwa imekula ufuko miaka hadi miaka, imeangusha mivinje mitano, na pale alipolazwa mtoto palikuwa na mawimbi. Bi Mwanaidi alisema kwa sauti ndogo, "Nilitamani kumhamisha, lakini nilisema, si wa dini yangu, nitamsomea nini? Nikaogopa kukosea. Nisamehe."

Ba alisimama. Nilidhani ataanguka, nikajiandaa kumdaka. Akauliza tu, "Ni mbali?"

"Pale, panapovunjika wimbi. Kesho asubuhi maji yakitoka utafika kwa miguu."

Sikuelewa maji yatoke yaende wapi; kwa mzee Kanji ufuko ni wa mteremko, na sikuwa nimeona yakiondoka. Asubuhi nilipotoka nje nilipiga kelele. Bahari ilikuwa imeondoka! Mchanga mtupu hadi mbali, na mashimo ya kaa. "Ba! Maji imekauka!" Wanawake wa kijiji walikuja kuona Mmanyema anayelilia bahari, wakanieleza kwamba hutoka na kurudi kila siku, na kwamba nifanye haraka.

Tukaenda watatu, Ba katikati. Bi Mwanaidi alihesabu visiki vya mivinje iliyoanguka, akageuka kushoto, akasimama mahali ambapo maji yalikuwa yanafika magotini. "Hapa."

Ba alikuwa na maua ya manjano ya mzee Kanji, yamenyauka, na kisahani cha maziwa ya mbuzi kutoka kwa Bi Mwanaidi. Alimwaga maziwa, akaweka maua juu ya maji. Kisha akaketi. Pale pale, ndani ya maji, na sari yake, kama mama anayeketi kitandani kwa mtoto mgonjwa. Bi Mwanaidi akaketi upande wake mmoja, akinung'unika dua. Nami nikaona haifai nibaki nimesimama kama askari, nikaketi upande wa pili. Sijui kuogelea. Maji yalinifika kiunoni, wimbi likaja likanitia chumvi masikioni, na sikuinuka.

Tulikaa mpaka bahari ilipoanza kurudi.

Tulikuwa tumepanga kulala siku moja. Tulikaa tisa. Wazee wale wawili walikuwa hawaachani. Abdala, yule aliyenyonya pamoja na Kamla, sasa ni mtu wa mvi chache na mwenye duka la chumvi. Alikuja kumwamkia Ba na kumwita mama. Walibishana kuhusu nazi, kuhusu pilipili, kuhusu nani alikuwa mwembamba zaidi wakati ule. Ba akafundishwa tena kusema "sijui" badala ya "siyuwe," akakataa kujifunza. Alisema Kiswahili chake kimemtosha kulea watoto.

Kuagana sitakuandikieni. Walishikana mikono kupitia dirisha la lori, na dereva, Mungu ambariki, alijifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

NYUMBANI

Kurudi kulikuwa kama kurudi kulivyo, njia ile ile ikiwa fupi zaidi. Mzee wa tiketi alinikumbuka, akasimama mbali kidogo.

Tulifika Bukavu siku ya mvua. Jayanti alimshusha mama yake kwenye gari kwa mikono miwili kama anashusha kioo. Nilitaka kwenda moja kwa moja kwa watoto wangu, lakini Ba alinishika kitenge. "Kaa," akasema. Nikakaa kwenye stuli ya jikoni. Akamketisha Jayanti mbele yake, akasema naye kwa lugha yao. Sikuelewa neno, ila niliona uso wa Jayanti ukibadilika, na kikombe alichoshika kikirudi mezani taratibu bila kunywewa. Aliuliza swali moja. Ba akafungua mdomo kujibu, akatikisa kichwa, akajifunika uso kwa ncha ya sari. Jayanti akainuka, akamkumbatia, na mimi nikaondoka.

Kesho yake nilirudi kwenye mashine yangu. Duka lilikuwa halijafunguliwa. Jayanti akatoka, akaketi kwenye ngazi ya baraza karibu na miguu yangu, kitu ambacho hajawahi kufanya.

"Maman Nabintu. Ba ameniambia nilikuwa na dada. Nimeuliza jina yake, hawezi kuisema, analia. Weye unaijua?"

"Naijua."

"Walisema namna gani kule? Uniambie sawa vile ulisikia."

Nikamwambia. Nikasema kama Bi Mwanaidi alivyosema, ungo ukiwa bado mapajani, kwa sauti ile ile, "Mama Kamla?" Nikamweleza kwamba hakuna aliyemwita Ba kwa jina lingine siku zote tisa. Jayanti alisikiliza akitazama barabara, ambako wanafunzi walikuwa wameanza kupita na madaftari yao.

"Haikuwa Mama Jayanti?" akauliza. "Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Ana mvi kando ya masikio, Jayanti, na wadogo zake wanne wanamwinamia wakija kumsalimu kama mkubwa wao. Akajifuta macho kwa mkono wa shati, na nikaona anatabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi mimi iko wa pili," akasema.

Akainuka, akaenda kufungua duka.